"Nyumba haikosi mpangaji" na mengine tunayodanganyana

"Dar watu wamejaa, nyumba haikosi mpangaji."

Haikosi, ila itampata lini? Nina chumba na sebule Mbagala, nilikuwa nakidai 120,000 kwa mwezi. Akaja kijana ana kazi yake, mpole, mkononi ana 100,000. Dalali akaninong'oneza, "Bosi, usishushe, eneo linapanda." Nikakaza. Chumba kikakaa na kufuli miezi minne, buibui wakahamia bure. Laki nne za yule kijana nilizikosa kwa kugombania 20,000. Aliyekuja baadaye alilipa 120,000 kamili, lakini ili nifidie ilibidi akae miezi 20. Alikaa sita, akahamia Chanika.

Tangu hapo nikipigia hesabu nyumba, mwaka wangu una miezi kumi ya pango, si kumi na miwili. Nyumba ambayo haijilipi kwa miezi kumi siijengi.

"Ukishajenga, unabaki kupokea tu."

Subiri masika. Kule kwetu maji ya ardhini yakipanda, shimo la choo linajaa hata kama lilinyonywa Januari. Simu inalia saa kumi na moja alfajiri: "Baba mwenye nyumba, huku hakukaliki." Gari la maji taka unalilipa wewe, maana wapangaji watano hawajawahi kukubaliana nani ana watoto wengi. Ugomvi wa umeme ni hivyohivyo: mmoja ana friji, mwingine taa moja, LUKU ni ya pamoja. Kila chumba kiwekee submita, yaani mita yake ndogo ya umeme, mapema. Ni rahisi kuliko kuwa hakimu kila Jumapili.

"Nimepokea pango la miezi sita kwa mkupuo, nimepata faida."

Umepata pesa ya mwezi mmoja. Hiyo mingine mitano bado hujaitolea huduma. Wengi huimwaga kwenye msingi wa nyumba ya pili, kisha bati likivuja wanakopa.

"Kodi ya jengo ni ya mpangaji, si ndiye anayenunua LUKU?"

Inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda hadi 1,500. Lakini anayedaiwa ni mwenye jengo. Mpangaji akikuambia umrudishie, ana haki. Na ukipangisha fremu kwa kampuni, usishtuke ukiona pango limepungua: kampuni imekata asilimia 10 ya kodi ya zuio, inayokatwa kabla pesa haijakufikia, kwa ajili ya TRA. Idai kampuni cheti cha zuio, na hiyo asilimia 10 iweke kwenye bei kabla ya kusaini.

"Nina karatasi ya serikali ya mtaa, kiwanja ni changu."

Hapa ndipo watu wanapolia. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachopata ni haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99, na ushahidi wake ni hati. Muhuri wa mtaa unaonyesha tu kwamba mliuziana mbele ya mashahidi. Nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi, yaani waangalie kwenye kumbukumbu kiwanja ni cha nani, kabla hujatoa hata mia. Ulizia pia hifadhi ya barabara, ile ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017, kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba na fremu zilizokuwa ndani ya hifadhi ziligeuka kifusi.

"Dalali ni mtu wangu."

Kwa kawaida analipwa na mpangaji, pango la mwezi mmoja, kila anapoingia mtu mpya. Mpangaji akikaa miaka mitano, dalali amekula mara moja. Sisemi ni mbaya, nami bado namtumia. Ila yule wa "usishushe, bosi" hakupoteza kitu miezi ile minne. Alikuwa na vyumba vingine vya kuonyesha.

Mpangaji niliye naye sasa kaletwa na mama wa chapati wa pale kona. Hakuuliza bei kwanza. Aliuliza maji ya DAWASA yanatoka siku zipi.