Majina Mawili Kwenye Hati Moja: Nani Anamiliki Nini?

Katika kliniki za ardhi, yaani vikao vya maofisa kusikiliza kero za ardhi za wananchi, malalamiko yanayojirudia ni ya ndugu, marafiki au wanandoa walionunua kiwanja pamoja na kuandikwa wote kwenye hati, kisha mmoja akafariki au akataka kuuza, ndipo ikabainika kuwa hakuna aliyejua jina lake lilimpa haki gani.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hilo halihitaji maelezo marefu. Kinachohitaji maelezo ni kifungu cha 159 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinachotambua aina mbili za umiliki wa watu zaidi ya mmoja: umiliki wa pamoja na umiliki kwa hisa.

Katika umiliki wa pamoja hakuna mwenye fungu lake. Hakuna kuuza wala kuweka rehani mpaka wote wasaini, na mmoja akifariki haki yake inabaki kwa mwenzake bila kupitia mirathi. Katika umiliki kwa hisa kila mmoja ana fungu linalojulikana, ingawa halina mipaka iliyopimwa ndani ya kiwanja, na akifariki fungu hilo linakwenda kwa warithi wake. Akitaka kumuuzia mtu wa nje, anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzake, ambao nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya msingi.

Ieleweke pia kwamba umiliki wa pamoja ni wa wanandoa. Wengine wakiuandikisha bila idhini ya mahakama, sheria inauhesabu kuwa umiliki kwa hisa. Kaka na dada wanaoshikilia kuwa "tuliandikiana, atakayebaki achukue chote" wanajisumbua, hata kama karatasi yao ina mihuri yote ya serikali ya mtaa.

Chukulia ndugu watatu, mmoja ametoa nusu ya fedha na wawili robo kila mmoja. Nyaraka ya uhamisho inapaswa kutamka kuwa ni wamiliki kwa hisa, 1/2, 1/4 na 1/4. Wengi huandika majina matatu, koma katikati, wakaondoka. Ugomvi ukizuka, aliyetoa nusu anaanza kutafuta risiti za benki.

Kwa wanandoa, jina moja kwenye hati ya nyumba ya ndoa halimpi mwenye jina ruhusa ya kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda asiyeandikwa, naye anaweza kusajili zuio, yaani taarifa rasmi kwenye daftari la hati kwamba ana haki katika nyumba hiyo.

Mmiliki kwa hisa akifariki, shauri la mirathi hufunguliwa mahakamani. Msimamizi akishateuliwa, hupeleka kwa Msajili wa Hati barua ya usimamizi pamoja na hati halisi ili asajiliwe yeye kwanza kama mwakilishi wa marehemu, na baada ya hapo ndipo huhamisha fungu kwa warithi. Kuruka hatua ya katikati ni kurudishwa dirishani. Kodi ya pango la ardhi nayo iwe imelipwa, kwani deni huongezeka kwa riba, linaweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba, na ukaidi ukiendelea miliki inaweza kufutwa. Kusema "mimi nimelipa fungu langu" hakusaidii. Ankara hutolewa kwa hati nzima, na deni likibaki, linawahusu wote walioandikwa humo.