91 sio namba tasa, jamani

Juzi nimesahihisha daftari la dogo mmoja wa tuisheni, kaandika "91 ni tasa kwa sababu 19 ni tasa". Nimeichoka hii imani kwamba tasa ukiigeuza tarakimu inabaki tasa! Kila mwaka lazima nikutane nayo, na kuna watu wazima wanaibishia kabisa. Tasa haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na 91 ni 7 mara 13, basi.

Ila najua inakotoka. Chukua tasa za tarakimu mbili, toa zinazoanza na 5 au tarakimu shufwa (2, 4, 6, 8) maana hizo zikigeuzwa zinakufa palepale (23 inakuwa 32), zinabaki kumi: 11, 13, 17, 19, 31, 37, 71, 73, 79, 97. Geuza zote, tisa zinapona, 19 peke yake inaanguka, sasa mtoto ataachaje kuamini? Panda juu kidogo uone. 103 inakuwa 301 ambayo ni 7 mara 43, 109 inakuwa 901 yaani 17 mara 53, 163 inakuwa 361 yaani 19 mara 19. Kati ya 100 na 200 kuna tasa 21 na tisa zinaanguka.

Zinazopona na kuwa tasa nyingine, kama 13 na 31, zinaitwa emirp, wazungu wamegeuza neno lao prime. Darasani kwangu tunaziita asat. 11 na 101 hazimo, hizo zinasomeka vilevile pande zote.

Sasa kinachonikera hasa ni mtu kusema 13 "ina siri ndani yake" kwa sababu ikigeuzwa inabaki tasa. Kugeuza tarakimu hakuigusi namba, kunagusa maandishi tu. Nilimmwagia dogo punje 23 za maharage mezani nikamwambia zipange mistari iliyo sawa, akajaribu miwili, mitatu, minne, kila mara zinabaki au zinapungua, hapo ndipo utasa ulipo, kwenye maharage yenyewe. Afu tukaiandika 23 kwa baineri, yaani kwa 0 na 1 tu, 10111, tukaigeuza ikawa 11101 ambayo ni 29, tasa! Kwa desimali, uandishi wetu wa kawaida, tulipata 32. Maharage ni yaleyale, hamna punje iliyosogea.

Kitu kimoja kweli kinabaki: jumla ya tarakimu haibadiliki, kwa hiyo tasa yoyote zaidi ya 3 ukiigeuza haiwezi kugawanyika kwa 3. Kwa 11 pia haigawanyiki, ukiacha 11 yenyewe, ingawa hapo sababu sio jumla ya tarakimu. Ndio maana wanaoua ni kina 7, 17 na 19, na ndio maana zinapona nyingi kuliko ungetegemea.

Je, asat zinaisha? Kwamba tasa haziishi Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Za kugeuza hakuna aliyethibitisha mpaka leo. Mimi naamini haziishi ila uthibitisho sina, maana tasa tunazishika kwa kuzidisha na kugeuza hakujali kuzidisha: 13 mara 17 ni 221, ukiigeuza 122, wakati 31 mara 71 ni 2201.