Chunusi ukubwani: dawa za kweli na tyubu ya siku tatu

Wengi wanaotufikia kwenye kliniki za ngozi hapa Dar es Salaam na chunusi wakiwa na miaka 30 au 40 huwa wameshajitibu kwa tyubu za kila aina. Ukizigeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma, mara nyingi unakutana na jina clobetasol au betamethasone. Hizo ni steroidi. Kwa pumu ya ngozi zinafaa sana, lakini kwa chunusi ni balaa.

Ubaya wake ni kwamba mwanzoni zinaonekana kufanya kazi. Steroidi hutuliza uvimbe, kwa hiyo siku ya tatu uso umelala na aliyekuuzia kule Kariakoo unamwona daktari bingwa. Ukiendelea kupaka wiki hadi wiki, ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi kwa wingi. Ukiacha, vinalipuka, unaikimbilia tena ileile. Mkorogo nao mara nyingi una steroidi ndani, na mwingine una zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Kama umetumia miezi mingi, usiache kimyakimya. Njoo tukusaidie kuiacha.

Chunusi si damu chafu, wala hazitokani na kukosa mwenza (hili bado tunaulizwa, tena na watu wenye shahada). Vinyweleo huziba kwa mafuta na seli zilizokufa, bakteria wanaoishi humo huongezeka, ngozi inavimba. Krimu nzito na mafuta ya nywele yanayochuruzika na jasho hadi kwenye paji la uso huchangia. Kwa wanaume, vipele vya kidevuni na shingoni baada ya kunyoa mara nyingi si chunusi kabisa, ni ndevu zilizojikunja na kuingia ndani ya ngozi.

Chunusi za kawaida tunaanza na dawa za kupaka: benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, pamoja na adapalini usiku. Osha uso, uache ukauke, chukua kiasi cha punje ya njegere na ukitandaze uso mzima. Usipake kipele kimoja kimoja, maana dawa inazuia hata vile ambavyo havijatokea. Anza usiku mmoja, ruka mmoja, kwa sababu ngozi nyeusi ikiwashwa huacha madoa yanayokaa miezi. Benzoili peroksaidi hupausha nguo, basi taulo na kanga nzuri ziweke mbali. Matokeo yapime baada ya wiki 8 hadi 12. Mjamzito asitumie adapalini. Kwake asidi ya azelaiki ni salama zaidi, na inasaidia madoa pia.

Zikizidi, tunaongeza vidonge vya doksisaiklini (antibiotiki), kwa kawaida visizidi miezi mitatu, na kila mara pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasizoee. Mjamzito havimfai. Meza na maji ya kutosha, usilale papo hapo, vinaunguza koo.

Mwanamke ambaye chunusi zinakaa kwenye taya na kupanda kabla ya hedhi, hasa kama hedhi inarukaruka au ndevu zinaota, anahitaji kuchunguzwa homoni. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huwasaidia baadhi yao, ilhali sindano na kijiti vya uzazi wa mpango vinaweza kuzidisha chunusi. Usikimbilie kutoa kijiti kwa ajili ya uso. Zungumza kwanza na mtoa huduma.

Chunusi kubwa zinazoacha makovu zina dawa yake, vidonge vya isotretinoini, yenye nguvu kuliko zote. Inaharibu mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke hupimwa mimba kabla ya kuanza na hutumia uzazi wa mpango wa uhakika hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza. Ini na mafuta ya damu hupimwa pia. Anayekuuzia kidonge hicho mtandaoni bila kukuuliza lolote kuhusu mimba, mkatae.