Siwa barafu si bahari iliyoganda

Kila nirudipo Tanga baada ya msimu wa Antaktika, ambako kazi yangu ni kuendesha boti za mpira zinazowatoa abiria melini kwenda kutazama ngwini na masiwa barafu, yaani vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea baharini kama vilima, hukutana na swali lile lile. Juzi pale Sahare, nahodha aliyenizidi umri na maarifa ya bahari aliliuliza tena: "Mwanangu, barafu ile si chumvi tupu?" Nilimjibu, "Hapana, Mzee. Ukiiyeyusha utapikia chai."

Bahari nayo huganda, kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, ikiisukuma nje sehemu kubwa ya chumvi yake, lakini hiyo ni barafu ya bahari. Siwa barafu ni zao la nchi kavu: theluji iliyolaliana mwaka juu ya mwaka hadi ikashindiliwa na uzito wake yenyewe kuwa barafuto, yaani mto wa barafu, ikateremka polepole hadi pwani na kumeguka. Asubuhi, tukizima injini, hewa iliyonaswa humo tangu kale husikika ikitoka, kwa mlio wa maji yanayodondokea mafuta ya moto.

Linaloniudhi zaidi ni ile hesabu ya watu kwamba sehemu 9 kati ya 10 za siwa zimo chini ya maji. Meta moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917, na ya maji ya bahari kilo 1,025 hivi, kwa hiyo ni kweli kwamba karibu sehemu 9 huzama. Lakini hizo ni sehemu za ujazo, si za kimo. Anayeona ncha ya meta 20 na kutangaza kwamba chini zipo meta 180 anakosea, kwa maana ncha nyembamba yaweza kukaa juu ya tako pana lisilo na kina hicho, kama vile urefu wa mlingoti usivyoeleza kina cha mkuku wa jahazi.

Umbo hilo ndilo linalonitia hofu. Maji hulila siwa kwa chini, uzito ukahama, nalo likapinduka. Hukaa mbali nalo kama tulivyofundishwa, lakini sijawahi kulitazama siwa nikajua kwa yakini kama litapinduka leo au kesho; yapo niliyoyaogopa yakatulia wiki nzima, na moja nililoliamini lilipinduka mara tu tulipoliacha nyuma, wimbi lake likatufikia.

Ufukweni mambo ni mepesi: abiria wasizidi 100 kwa wakati mmoja, wakae meta 5 kutoka kwa ngwini, na dubu weupe wasitafutwe huko, kwani hao ni wa kaskazini.

Yule nahodha alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo abiria hawaniulizi: likipinduka, upande uliokuwa chini una rangi gani? Ni buluu, Mzee, na maji yameusugua ukawa laini kama kioo.