Saoirse: jina linatamkwaje, na umaarufu wake umetoka wapi

Saoirse ni jina la mtoto wa kike kutoka Ireland, na ukilisoma kama tunavyosoma Kiswahili utatoka na "Sa-o-i-rse" alafu ulimi unakwama hapo mwishoni. Kumbe ni silabi mbili tu: Sersha. Wengine Siirsha. Mkazo uko mwanzoni, kama unavyomwita Asha, kwa hiyo mdomo wa Mswahili hauna shida nalo kabisa, shida ni macho.

Watu wengi wanaliona wanadhani ni Kiingereza kilichokosewa, lakini hili ni neno la Kiairishi na Kiairishi kina sheria zake za kuandika, tena sheria zenyewe zimenyooka kuliko za Kiingereza ukiniuliza mimi. Vokali pale zina kazi mbili, kuna za kutamkwa na kuna zingine zimewekwa tu kukuonyesha konsonanti ya jirani isomweje. Herufi s ikikaa jirani na e au i inakuwa sh. Ndo maana Sean anaitwa Shon (Sean Paul unamjua, sasa umeshajua na sababu) na marehemu Sinéad O'Connor, yule mwimbaji wa Ireland, alikuwa Shineid. Kwenye Saoirse, s ya kwanza imekaa na a kwa hiyo inabaki s ya kawaida, s ya pili imefuatwa na e inageuka sh, ile i ya katikati ipo kutoa ishara tu, na "ao" kule magharibi na kaskazini wanaitamka ii, wakati watu wa Munster kusini wanaivuta kuwa ee. Basi hapo ndo zinatoka Siirsha na Sersha, na hakuna aliyekosea.

Maana yake ni uhuru. Na usidhani ni jina la kale la malkia au mtakatifu fulani, hapana, limeanza kutumika karne ya 20 tu, baada ya Waairishi kupigana na Uingereza mwaka 1919 hadi 1921, na dola iliyozaliwa 1922 kwa lugha yao iliitwa Saorstát Éireann, ile "saor" ni huru, mzizi uleule. Ni mambo yaleyale ya mzee Jomo kumuita mwanae Uhuru mwaka 1961 wakati bendera ya Kenya yenyewe bado haijapandishwa.

Kwa miaka mingi lilibaki hukohuko Ireland, nje watu walikuwa hawalijui. Aliyelitoa ni Saoirse Ronan, muigizaji aliyezaliwa New York 1994 akakulia Ireland, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka 13 tu kwa filamu ya Atonement, akaja akateuliwa tena kwa Brooklyn na nyingine baada ya hapo, na kila akienda kwenye intavyuu swali la kwanza ni jina lako linatamkwaje, mpaka 2017 alipoendesha shoo ya Saturday Night Live akaimba kabisa jinsi ya kulitamka. Yeye anasema Sersha. Marekani jina liliingia kwenye orodha ya majina 1,000 ya juu ya watoto wa kike mwaka 2016, yaani hata huko bado ni adimu, ila wazazi sasa wanalijua.

Kuna wazazi wa nje ya Ireland wanalipenda ila wanaogopa mtoto atateseka shuleni, wanaandika Seersha au Sersha ili walimu wasome freshi. Naelewa, lakini mimi naona ukishalibadilisha hivyo umelitoa kwenye lugha yake, maana Mwairishi akiliona hivyo hatambui lile neno la uhuru tena, anaona sauti tu. Na ukishalizoea hili, jina jingine la Kiairishi kama Niamh hutalisoma "Niam" tena, hiyo mh kwao ni v: Niiv.