Kandarasi haikiondolei chuo dhamana ya data

Vyuo vikuu vingi nchini Kenya hukodi kampuni za nje kuendesha mifumo ya usajili, karo na matokeo. Hapo huzuka imani kwamba data ikivuja, mzigo wote ni wa mkandarasi. Si kweli.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutenganisha anayeamua data ikusanywe kwa lengo gani, yaani chuo, na anayeichakata kwa niaba yake, yaani mkandarasi. Lazima kuwe na mkataba wa maandishi, na mkandarasi afuate maagizo ya chuo tu. Data ikidukuliwa kwa namna inayoweza kuwadhuru wanafunzi, mkandarasi ana saa 48 za kukiarifu chuo. Chuo nacho kina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Sasa chuo kisicho na mfanyakazi hata mmoja anayeuelewa mfumo kitaripoti nini?

Mkandarasi naye anabanwa na sheria hiyohiyo. Lakini mwanafunzi alikabidhi kitambulisho chake kwa chuo, si kwa kampuni asiyoijua. Kabla ya kutia sahihi, idara ya TEHAMA iulize: mkataba ukiisha, nakala za data zitarudishwa au kufutwa lini, na nywila kuu anazo nani?