Uvimbe wa ini usio saratani: maana yake, na lini unahitaji tiba

Mtu anakwenda kupimwa mawe kwenye nyongo, anatoka na karatasi iliyoandikwa "uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini". Mawe hayakuonekana. Usiku huo usingizi hauji.

Uvimbe usio saratani ni seli zilizoongezeka na kurundikana mahali pamoja bila kuvamia sehemu za jirani wala kusambaa kwenye viungo vingine. Kwenye ini, aina tatu ndizo hukutwa mara nyingi, na kabla ya kuuliza una ukubwa gani, uliza unaitwaje. Wa sentimita 8 unaweza kuachwa maisha yote, wa sentimita 5 wa aina nyingine ukampeleka mtu kwenye upasuaji.

Unaoongoza kwa wingi ni hemanjioma. Ni fundo la mishipa midogo ya damu, mfano wa sifongo iliyolowa, na huonekana zaidi kwa wanawake. Haigeuki kuwa saratani, na kupasuka yenyewe ni nadra mno. Kwenye MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) yenye dawa ya kontrasti, inayodungwa kwenye mshipa ili picha ionekane vizuri, hujitambulisha: dawa hujaa kwanza pembezoni, kisha taratibu huingia katikati. Ndiyo maana madaktari hawapendi kuichoma sindano ili kuchukua kipande kidogo cha kupima; picha imeshajibu, na sindano inaweza kuivujisha damu. Hutibiwa ikiwa kubwa kiasi cha kubana tumbo, mtu anashiba kwa matonge machache au maumivu hayakomi. Hata hapo, daktari makini hutafuta kwanza vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo. Ini lenyewe ndani halina neva za maumivu. Kinachouma ni utando unaolifunika, unapovutwa.

Ya pili huandikwa FNH kwenye majibu. Ni seli za kawaida za ini zilizojipanga ovyo, mara nyingi zikiwa na kovu katikati. Haiwi saratani. Ikishathibitishwa, huachwa.

Adenoma ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Hutokana na seli za ini zenyewe na huchochewa na homoni: kwa kawaida mwenye nayo ni mwanamke aliyetumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka, au mtu anayetumia steroidi za kujenga misuli. Unene uliopitiliza nao huchangia. Hatari zake ni mbili, kuvuja damu na kugeuka saratani, na zote hupanda ikifikia sentimita 5.

Kwa mwanamke, hatua ya kwanza ni kuacha vidonge hivyo na kupunguza uzito, kisha kurudia MRI baada ya miezi 6 hivi. Adenoma nyingi husinyaa. Ikibaki juu ya sentimita 5, au ikiendelea kukua, hukatwa. Mwanamume hasubirishwi hivyo: kwake hupendekezwa itolewe hata ikiwa ndogo, kwa sababu uwezekano wa saratani ni mkubwa zaidi. Mjamzito mwenye adenoma hufuatiliwa kwa ultrasaundi, maana homoni za mimba zinaweza kuikuza.

Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kulia, pamoja na kizunguzungu na jasho la baridi, ni dharura. Huenda adenoma imepasuka. Mara nyingi hospitali huanza kwa kuziba mshipa unaoilisha, kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa; upasuaji, ukihitajika, hufuata mgonjwa akishatulia.

Yote haya ni kwa mtu ambaye ini lake ni zima. Mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, au ini lililokwisha kujaa makovu, asijifariji kwa maelezo haya. Kwake uvimbe wa sentimita 1 tu hutosha kuitiwa vipimo kamili, na saratani ndiyo hufikiriwa kwanza.